Dirisha la Benki katika Kisiwa cha Nauru

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tukisikia neno benki mawazo huenda kwenye jengo kubwa lenye askari mlangoni, mahali pa matajiri na wafanyabiashara. Mtu wa kima cha chini huingia humo mara moja kwa mwezi, husimama katika foleni, hutia sahihi au dole gumba, huchukua kilicho chake na kutoka. Siku hizi hata foleni hiyo wengine hawaijui, maana mshahara huingia katika simu. Kwa hiyo huonekana kana kwamba mambo ya benki ni ya watu wengine. Katika makala haya tunaeleza historia ya benki katika kisiwa kimoja kidogo mno, ili ionekane mshahara hupita katika mikono ya nani kabla ya kumfikia mwenye jasho, na hutokea nini mikono hiyo ikikunjwa.

Kisiwa chenyewe ni Nauru. Kiko katika bahari ya Pasifiki, kusini kidogo ya ikweta, mbali na bara lolote. Jirani wake wa karibu, kisiwa cha Banaba, yuko umbali wa kilomita 300 hivi upande wa mashariki. Eneo la nchi yote ni kilomita za mraba 21. Ndugu zetu wa Kivu wanaokijua kisiwa cha Ijwi na wafikiri hivi: Nauru ingeingia ndani ya Ijwi zaidi ya mara kumi. Barabara moja inazunguka kisiwa kwa kilomita 19 hivi, na mwenye baiskeli anaweza kuizunguka jamhuri nzima kabla jua halijawa kali. Wakazi wote ni kama 12,000.

Ijapokuwa iko mbali hivyo, Nauru ilitawaliwa kwa njia ambayo wazee wetu waliijua. Mjerumani aliichukua mwaka 1888, katika miaka ileile alipokuwa akijiwekea himaya upande huu wa Afrika. Aliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, makoloni yake yaligawanywa chini ya Shirikisho la Mataifa: Tanganyika kwa Mwingereza, Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, na Nauru kwa wakubwa watatu kwa pamoja, yaani Uingereza, Australia na New Zealand, Australia ikishika usukani. Baada ya vita vya pili nchi hizo zote ziliitwa nchi za udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mdhamini, kwa Kiswahili cha kila siku, ni mtu anayekutunzia mali yako mpaka utakapokuwa mkubwa. Na tuone mali hiyo ilitunzwaje.

Mali ya Nauru ilikuwa moja tu: fosfeti, yaani jiwe la kutengenezea mbolea, kama lile wanalolijua wenzetu wa Tororo, ila la Nauru lilikuwa safi kupita karibu yote yaliyopata kuonekana duniani. Habari ya kuvumbuliwa kwake ni ya kuchekesha. Katika ofisi ya kampuni moja mjini Sydney palikuwa na jiwe lililoletwa kutoka Nauru, likitumiwa kuzuia mlango usijifunge. Mtu mmoja wa kampuni hiyo, Albert Ellis, alilitazama tena na tena, akalipima, akaona kwamba kizuizi cha mlango ni fosfeti tupu. Uchimbaji ulianza mwaka 1906 na shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 1907. Wenyeji wenye ardhi walilipwa nusu peni kwa kila tani. Baada ya vita, wale wakubwa watatu waliinunua kampuni na kuunda shirika lao, British Phosphate Commissioners, nalo likawa linawauzia wakulima wa kwao mbolea kwa bei iliyo chini ya bei ya dunia. Mashamba ya Australia na New Zealand yalinona, na kisiwa cha watu wengine kikakonda.

Kazi ya kuchimba ilifanywa zaidi na vibarua wa mkataba kutoka China na kutoka visiwa vya Gilbert na Ellice, ambavyo leo ni Kiribati na Tuvalu. Mwaka 1948 vibarua wa Kichina waligoma kwa sababu ya malipo na hali ya kazi. Serikali ilitangaza hali ya hatari na kuwapa silaha polisi pamoja na watu wa kujitolea. Wagomaji wawili walipigwa risasi wakafa, na wengine wawili waliuawa kwa singe wakiwa tayari wamekamatwa. Katika gazeti la wafanyakazi jambo hili haliwezi kupitwa kimya, ingawa halihusu benki.

Lakini kwa upande mwingine linaihusu. Wakati huo kampuni ndiyo ilikuwa kila kitu. Ilishika hesabu za kazi, ikalipa mishahara, na dukani kwake ndiko wengi walikonunua chakula na nguo. Mahali pa namna hiyo fedha hutoka mlango mmoja wa kampuni na kurudi kwa mlango mwingine, na mfanyakazi ni njia yake ya kupitia. Wale walioajiriwa zamani katika mashamba makubwa au migodini huku kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Vita vya pili vilikipiga kisiwa vibaya. Wajapani walikiteka mwaka 1942, wakawahamisha wenyeji 1,200 na kuwapeleka kufanya kazi za kulazimishwa katika visiwa vya Truk. Waliobaki hai walirudishwa tarehe 31 Januari 1946, nao walikuwa 737. Mmoja wao alikuwa kijana aliyeitwa Hammer DeRoburt, ambaye baadaye aliwaongoza wenzake kudai uhuru. Watawala waliona kwamba kisiwa kitabaki mashimo matupu, wakatoa shauri kwamba watu wote wahamishiwe kisiwa cha Curtis katika pwani ya Australia. Mwaka 1964 Wanauru walikataa. Uhuru ulipatikana tarehe 31 Januari 1968, siku iliyochaguliwa kwa makusudi, na DeRoburt akawa rais wa kwanza. Mitambo ya fosfeti ilinunuliwa kutoka kwa wale wadhamini kwa dola za Australia milioni 21, na kufikia mwaka 1970 ilikuwa mikononi mwa Shirika la Fosfeti la Nauru. Ndiyo kusema mwenye mali aliuziwa vifaa vilivyokuwa vikiichimba mali yake mwenyewe.

Hapo ndipo zilipoanza siku za neema. Bei ya fosfeti ilipanda sana katikati ya miaka ya 1970, na pato la kila Mnauru likahesabiwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa ulimwenguni. Hapakuwa na kodi ya mapato. Matibabu na shule vilikuwa bure. Sehemu ya fedha ilitengwa katika mfuko wa mirabaha, ili siku jiwe litakapokwisha watu waishi kwa faida ya akiba yao. Shauri hilo lilikuwa la busara, na hata leo huwezi kulilaumu. Mwaka 1976, kwa sheria ya bunge, serikali ikaanzisha pia benki yake, Benki ya Nauru. Nchi changa ilitaka wananchi wake waweke akiba katika nyumba yao wenyewe, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika zililifanya katika miaka ileile na kwa sababu ileile.

Hapa ni lazima tueleze benki hufanya nini, maana bila kuelewa hilo yaliyofuata yataonekana kama mazingaombwe. Mtu anapoweka dola 100 dirishani, karani hazitii katika bahasha yenye jina lake. Anaandika katika kitabu kwamba benki inadaiwa na mtu huyu dola 100. Noti zenyewe huchanganywa na za wengine. Sehemu ndogo hubaki katika sanduku la chuma kwa ajili ya watakaokuja kuchukua kesho, na sehemu kubwa hukopeshwa mtu mwingine ambaye atairudisha na riba. Kwa hiyo kile kitabu cha akiba ulichonacho mfukoni ni hati ya deni, na mdaiwa wako ni benki. Benki nayo ina wadaiwa wake. Wakilipa, wewe u salama. Wasipolipa, mlango wa chuma wa unene wowote hautakusaidia. Mfanyakazi anayetaka kujua usalama wa akiba yake angeuliza swali moja tu: nani kakopeshwa?

Katika Nauru aliyekopeshwa alikuwa zaidi serikali yenyewe na mashirika yake. Serikali ilikuwa mwenye benki na papo hapo mkopaji mkubwa wa benki, na karani gani atakayemnyima mkopo tajiri wake mwenyewe? Wakati fosfeti ilipokuwa ikitoka hapakuwa na tatizo. Lakini fedha iliyokuja kwa wingi ilitumiwa pia kwa wingi. Jengo la ghorofa 52, Nauru House, lilisimamishwa mjini Melbourne na kukamilika mwaka 1977. Shirika la ndege la taifa lilirusha ndege nyingi kuliko abiria waliokuwapo. Mwaka 1993 serikali iligharimia hata mchezo wa muziki jukwaani London, juu ya maisha ya mchoraji Leonardo da Vinci, nao ukafungwa baada ya majuma machache. Washauri wa kigeni walikuja na kwenda, na baadhi yao hawakwenda mikono mitupu. Haki isemwe pia: si kila kitu kilipotezwa. Mwaka 1989 Nauru iliishtaki Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa kuiharibu ardhi yake, na mwaka 1993 Australia ikakubali kulipa dola zake milioni 107 ili kesi iishe. Kwa nchi ya watu wachache kiasi hicho hilo ni jambo la kujivunia.

Katika miaka ya 1990 fosfeti ya karibu ilikuwa inakwisha. Serikali ilikopa nje kwa kuweka rehani majengo yake, kisha ikakopa tena kulipa mikopo ya kwanza. Benki ya Nauru ikawa kama kisima ambacho mwenyewe anachota usiku na jirani zake wanakuja asubuhi na ndoo. Vitabuni fedha zilikuwapo. Kila mwenye akiba aliweza kuonyeshwa tarakimu zake. Sandukuni hazikuwapo. Siku noti zilipopatikana watu walipanga foleni, na zilipokwisha dirisha lilifungwa, aliye nyuma akarudi nyumbani na kitabu chake.

Mtu atauliza kwa nini serikali haikupiga chapa noti nyingine. Ndugu zetu waliokuwa Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanajua jinsi serikali iliyoishiwa inavyoweza kujilipia kwa mtambo wa kupiga chapa, noti zikaongezeka sufuri mpaka mshahara wa mwezi ukawa haununui mfuko wa unga. Hiyo ni njia moja ya kumwibia mfanyakazi. Nauru haikuwa na njia hiyo, kwa sababu haina fedha yake yenyewe. Hutumia dola ya Australia. Kila noti inayoonekana kisiwani imetoka Australia, na lazima ifike kwa ndege au kwa meli. Basi hapa mfanyakazi hakuibiwa kwa kupandishiwa bei, bali alinyimwa tu. Dola yake ilibaki na thamani ileile, ila hakuweza kuishika.

Mambo yaliharibika haraka. Mwaka 2004 wadai walichukua majengo ya Nauru huko Australia, na lile la ghorofa 52 likauzwa. Desemba 2005 ndege ya mwisho ya shirika la taifa, Boeing 737 iliyokuwa imebaki peke yake, ilikamatwa kwa deni, na kwa muda kisiwa kikakaa bila ndege yake. Nyingine ilipatikana mwaka 2006 kwa msaada wa Taiwan. Mishahara ya watumishi wa serikali ilikatwa na kucheleweshwa. Walioumia zaidi ni vibarua wa kigeni wa machimbo. Walikuwa wamekaa kisiwani miaka mingi, wengine wamezaa na kulea humo, na sasa kazi hakuna na nauli hakuna. Mwaka 2006 watu kama 1,500 waliondoka kurudishwa Kiribati na Tuvalu.

Katikati ya dhiki hiyo palikuwa na jambo ambalo ukilisimulia kijiweni watu watadhani unatania. Kisiwa kilichokuwa kinaishiwa benki moja ya kweli kilikuwa na benki 400 hivi za karatasi. Katika miaka ya 1990 serikali, ikitafuta fedha kwa njia yoyote, iliuza leseni za benki kwa wageni. Benki hizo hazikuwa na jengo, karani, wala dirisha. Zilikuwa majina yaliyoandikishwa, na anwani yao ilikuwa sanduku moja la posta. Mtu wa mbali sana aliyetaka kuficha asili ya fedha zake aliweza kuzipitisha kwa jina la benki ya Nauru bila yeye wala fedha kukanyaga kisiwani. Viktor Melnikov, naibu mkuu wa benki kuu ya Urusi, alidai kwamba katika mwaka 1998 peke yake dola za Marekani bilioni 70 zilipitia njia hiyo kutoka nchini mwake. Nauru ilichopata ni ada ya leseni.

Malipo ya mchezo huo yalikuja baadaye, na hayakulipwa na wenye zile benki 400. Mwaka 2000 kamati ya kimataifa ya kupambana na fedha haramu iliitia Nauru katika orodha ya nchi zisizoshirikiana, na mwaka 2002 Wizara ya Fedha ya Marekani ikachukua hatua ya kuitenga. Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni lazima kujua kwamba benki haiwezi kuishi peke yake. Ukitaka kumpelekea mtoto karo nje ya nchi, au duka likitaka kulipia mchele ulioagizwa, benki yako lazima iwe na hesabu katika benki kubwa ya huko, ili ile kubwa ilipe kwa niaba yake. Benki kubwa ikisema "sitaki jina lenu katika vitabu vyangu," kamba imekatwa, na hata mwenye fedha halali hawezi kuzivusha. Nauru ilizifuta leseni zile, ikatunga sheria mpya, ikatolewa katika orodha mwaka 2005, na hatua ya Marekani ikaondolewa mwaka 2008. Lakini jina likishachafuka halisafishwi kwa barua moja. Muuza mboga aliyekuwa hajawahi kumwona Mrusi maishani mwake alibaki katika kisiwa kisicho na benki.

Na maisha bila benki yalikuwaje? Kila mshahara ulilipwa taslimu. Hilo kwa kusikia ni zuri, noti mkononi. Lakini noti hizo zikishatoka kwa mlipaji hazikuwa na pa kulala. Watu walizificha nyumbani, na kila mmoja akawa mlinzi wa benki yake mwenyewe. Mwenye duka alikaa na mabunda akisubiri njia ya kuyapeleka nje. Asiye na mahali pa kuweka akiba hutumia, na anayetumia yote hana cha kumshika siku kazi itakaposimama. Wala hawezi kukopa, maana hakuna karani anayejua kwamba huyu mtu kwa miaka kumi ameweka kidogo kidogo bila kukosa. Mfanyakazi wa namna hiyo, hata akilipwa vizuri, mbele ya mwajiri ni dhaifu. Anaishi toka malipo hadi malipo, na anayeishi hivyo hagomi siku mbili.

Fedha nazo zilirudi kisiwani kwa njia ya huzuni. Tangu mwaka 2001 Australia ilianza kuwapeleka Nauru watu waliokimbilia kwake kwa mashua kutafuta hifadhi, wakafungiwa makambini. Makambi yalifungwa mwaka 2008 na kufunguliwa tena mwaka 2012. Yalileta ajira, ada na kodi. Ndivyo kisiwa kilichoishi kwa jiwe kilivyoanza kuishi kwa mateso ya watu wengine, na sisi tunaotoka katika nchi zenye wakimbizi wengi tunajua kwamba kambi si kiwanda.

Septemba na Oktoba 2014 yalitokea mambo yaliyoonyesha waziwazi hatari ya kuweka hazina yote katika nyumba ya mtu mwingine. Kwa kuwa kisiwani hapakuwa na benki, serikali ilikuwa imeweka fedha zake katika benki ya Westpac nchini Australia. Sasa miaka ya nyuma, mwaka 1989, shirika moja la fedha la Nauru lilikuwa limeuza hati za mkopo Japani kwa dhamana ya serikali, na mkopo haukulipwa. Hati hizo zilinunuliwa baadaye na mfuko wa uwekezaji uitwao Firebird, mmoja wa ile inayonunua madeni mabovu ya nchi maskini kisha kwenda mahakamani kudai yote. Deni na riba likawa zaidi ya dola milioni 30. Firebird walipata amri ya kuzuia hesabu za Nauru pale Westpac. Kwa siku kadhaa serikali ikasema wazi kwamba haina njia ya kulipa mishahara wala kununua mafuta ya mitambo ya umeme. Mahakama ya Sydney iliiondoa amri hiyo, na Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Australia ikathibitisha kwamba fedha zile, kwa kuwa ni za kazi za serikali, hazikamatiki hivyo. Muuguzi na mwalimu wa Nauru hawakujua neno lolote la hati za Kijapani za mwaka 1989, lakini mshahara wao ndio uliokuwa umeshikwa shingo.

Dirisha lilifunguliwa tena Juni 2015. Lilikuwa wakala wa benki ya Bendigo ya Australia, lililowekwa kwa makubaliano na serikali ya Nauru. Benki hii ina asili ya kupendeza kidogo. Ilianza mwaka 1858 kama chama cha kuwakopesha watu fedha za kujengea nyumba katika mji wa wachimba dhahabu. Mwaka 1998, mabenki makubwa yalipokuwa yakifunga matawi yao mashambani kwa kuona hayana faida, yenyewe ilianza mpango wa kufungua matawi kwa kushirikiana na wanavijiji wenyewe, ikianzia vijiji vya Minyip na Rupanyup. Yumkini ndiyo sababu haikukiogopa kisiwa ambacho wakubwa walikikimbia. Wananchi walikuja na noti walizokuwa wamezificha miaka mingi, wakafungua hesabu, wakapewa kadi, na mashine za kutolea pesa zikawekwa. Mishahara ikaanza kuingia katika hesabu. Vijana waliokuwa hawajapata kuona dirisha la benki likifunguliwa nchini mwao walijifunza kazi hiyo wakiwa watu wazima.

Hata hivyo tawi la mtu ni tawi la mtu. Baada ya miaka isiyotimia kumi Bendigo walitangaza kwamba wataondoka. Tarehe ikasogezwa mbele mpaka katikati ya mwaka 2025 ili mwingine atafutwe. Katika visiwa vingi vya Pasifiki mabenki ya nje yamekuwa yakipunguza kazi, kwa hesabu kwamba wateja ni wachache na gharama za kuchunguza kila fedha inayopita ni kubwa. Kwa mwenye hisa hesabu hiyo ni sahihi. Kwa kisiwa kizima ni kurudi katika maisha ya kuficha noti.

Hapo siasa ikaingia. Januari 2024 Nauru iliacha kuitambua Taiwan na kuitambua China, na mwezi uliofuata Benki ya China ikasaini hati ya kuchunguza uwezekano wa kufungua huduma kisiwani. Australia haikupenda. Tarehe 9 Desemba 2024 mjini Canberra, Rais David Adeang na Waziri Mkuu Anthony Albanese walitia sahihi mkataba. Australia iliahidi dola milioni 100 kwa bajeti ya Nauru na milioni 40 kwa polisi wake, kwa miaka mitano, na Benki ya Commonwealth ya Australia ikakubali kuchukua nafasi ya Bendigo. Nauru kwa upande wake ilikubali kwamba katika mambo ya usalama, mabenki na simu haitafanya mipango na nchi nyingine bila kukubaliana na Australia kwanza. Nchi huru ikaweka dirisha la benki na ulinzi wa taifa katika karatasi moja. Tusiwacheke. Aliyewahi kurudi nyumbani mikono mitupu na kitabu chenye tarakimu ataelewa kwa nini sahihi ile ilitiwa.

Benki ya Commonwealth ilianza kazi Nauru mwaka 2025. Wanachama wetu huenda wakapenda kujua kwamba yenyewe iliundwa mwaka 1911 na serikali ya chama cha wafanyakazi cha Australia, kwa makusudi ya kuwapa wananchi wa kawaida mahali salama pa akiba nje ya mabenki ya matajiri. Ilikuwa mali ya umma kwa miaka 80. Kati ya mwaka 1991 na 1996 iliuzwa kwa wenye hisa, na mauzo ya kwanza yalifanywa na chama hichohicho kilichoiunda.